Nafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito Dar, naishi Dodoma: nijiandaeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Nkuhungu na kazi yangu iko Mtumba. Nina kilo 118, urefu wangu ni sentimita 160. Sukari ninayo mwaka wa sita sasa, natumia metformin na glibenclamide. Presha natumia losartan iliyochanganywa na dawa ya kukojoza. Magoti yamechoka kabisa. Nimeonana na daktari mpasuaji Dar es Salaam, kanipangia tarehe baada ya wiki tisa. Atapunguza mfuko wa chakula kwa matundu madogo. Nyumbani nimesema nina semina ya wiki mbili. Mume wangu hajui, na mama mkwe tunayeishi naye ndiyo kabisa. Naomba kujua nijiandaeje, nikirudi nitakula nini, na je, ndiyo nimeagana na ugali? La mwisho ni dogo: pete yangu ya ndoa haitoki kidoleni tangu nijifungue mtoto wa pili. Nitalazimishwa kuivua?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Kisu hakinitishi kama inavyonitisha hiyo semina yako.

Upasuaji huu ukifanywa na timu iliyouzoea si wa kuogopwa kupita kiasi. Kwenye vituo vikubwa duniani anayefariki ni takriban mgonjwa mmoja katika elfu moja. Lakini matatizo yake mengi hujitokeza mtu akiwa ameshatoka wodini, na wewe wakati huo utakuwa Nkuhungu, kilomita 450 hivi kutoka kwa aliyekushona. Ukianza kutapika saa nane za usiku, atakayekuingiza kwenye bajaji ni mume wako. Akiulizwa mapokezi mgonjwa ana nini, atajibu kwa moyo mweupe kabisa: "Ametoka semina, labda amekula kitu kibaya huko."

Nimewahi kumpokea mama mmoja wa namna hiyo. Alipasuliwa nje ya nchi, akarudi kimyakimya, na wiki ya tano alikuwa ametapika siku tisa mfululizo. Kabla ya kutufikia alipitia zahanati moja. Kule walimchoma diclofenac kwa ajili ya maumivu na kumtundikia dripu ya sukari, maana walichokiona ni mama mnene anayeumwa tumbo. Alipofika kwetu alikuwa anaona kila kitu viwiliviwili, anayumba akisimama, na jina la mwanawe linampotea mdomoni. Huo ni ubongo uliokosa vitamini B1. Anayetapika siku nyingi humaliza akiba yake ya B1, na ukimwingizia sukari mshipani kabla ya kumpa hiyo vitamini, unakomba hata kile kidogo kilichobaki. Tulimpa B1 kwa sindano, akili ikarudi. Miguu ilichukua miezi kupata nguvu. Dada yake alikuwa kwenye benchi nje analia, kwa sababu hata yeye hakuwa anajua lolote.

Kwa hiyo sikwambii uwatangazie watu wa ofisini. Hilo ni lako na hawana haki ya kujua. Lakini katika nyumba unayolala, lazima awepo mtu mzima mmoja anayejua umefanyiwa nini, lini, na nani. Kama si mume, basi dada yako au shoga unayemwamini aliye hapahapa Dodoma. Hata hospitali yenyewe huenda ikataka ndugu wachangie damu ya akiba. Sasa hao ndugu utawaambia damu ni ya semina?

Pamoja na mtu, andaa karatasi moja, ikae kwenye pochi na nakala yake ikae kwenye simu ya huyo mtu. Iandikwe hivi: nimepunguzwa mfuko wa chakula tarehe fulani, namba ya daktari mpasuaji ni hii, nisipewe diclofenac, ibuprofen wala aspirini bila yeye kuulizwa, nisipitishiwe mpira wa puani kwa kubahatisha, na kama nimetapika siku kadhaa, nipewe vitamini B1 kabla ya dripu yenye sukari. Kisha kabla hujasafiri nenda ukajitambulishe kwa daktari wa hapa, iwe Benjamin Mkapa au General yetu ya mkoa, akufungulie faili. Kufahamiana na daktari ukiwa unatembea kwa miguu yako ni rahisi kuliko kufahamiana naye ukiwa kwenye machela.

Sasa tuingie kwenye maswali yako.

Kwamba unastahili upasuaji, halina ubishi. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe: 118 kwa 2.56, unapata 46. Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika kilikuwa 40 na kuendelea, au 35 kama una ugonjwa kama sukari au presha. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya wapasuaji wa fani hii vilishusha hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine. Wewe umevuka vyote. Watakuja wa kukushauri uweke puto, wanalosikia linawekwa Mloganzila. Puto lina watu wake, ila kwa kawaida hukaa tumboni miezi sita kisha hutolewa, na kilo linazopunguza ni chache. Kwa mtu wa 46 mwenye sukari ya miaka sita, naona daktari wako hakukosea. Wa majani na chai za mitandaoni sina muda nao.

Wanachofanya ni kukata na kuondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki kama bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Pale palipoingia lita moja na zaidi panabaki nafasi ya mililita 100 hadi 150 hivi, yaani kikombe kidogo cha kahawa ya mtaani. Sehemu inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wengi huniambia kwa mshangao kwamba mchana umepita na hawakukumbuka kula. Jambo moja mwulize daktari wako mapema: kiungulia. Kama kinakusumbua sana, aina hii ya upasuaji inaweza kukizidisha, na pengine mzungumzie ile nyingine ya kuunganisha utumbo moja kwa moja na kijifuko kidogo cha juu.

Wiki tisa ni muda mzuri, usiupoteze. Vipimo utapangiwa na Dar, lakini vingi unaweza kuvifanya hapahapa ukaenda na majibu: damu, figo na ini, ultrasaundi ya tumbo, moyo, na sukari ya miezi mitatu. Hiyo ya mwisho (HbA1c) madaktari wengi wanataka iwe chini ya asilimia 8 kabla ya kukugusa. Omba pia wapime wingi wa damu na madini ya chuma, kwa sababu mwanamke anayeingia theatre akiwa na upungufu wa damu atatoka nao na utamganda mwaka mzima. Utapitishwa kamera mdomoni kuangalia mfuko wa chakula. Bakteria wa vidonda vya tumbo ni wengi sana kwetu, wakikutwa umeze dozi yao uimalize. Na mume wako akikuamsha usiku kwa sababu unakoroma kisha unakata pumzi, usimnunie. Mwambie daktari wa nusu kaputi, maana hilo kwake ni kubwa kuliko presha yako.

Nenda na kwa daktari wa meno. Watu hucheka nikisema hivi. Baada ya upasuaji kila kitu kitatakiwa kitafunwe mpaka kiwe kama uji, na mwenye magego mawili yaliyooza upande wa kulia hawezi kutafuna hivyo. Kuziba au kung'oa jino sasa ni rahisi kuliko mwezi wa kwanza ukiwa unaishi kwa maziwa.

Kama unatumia vidonge vya majira, useme, kwa sababu vile vyenye homoni mbili huongeza uwezekano wa damu kuganda na kwa kawaida husimamishwa wiki kama nne kabla. Lakini usibaki bila kinga. Mwili ukianza kupungua, mayai yaliyokuwa yamelala huamka, na nimeona mimba za miaka 42 ambazo hakuna aliyezitarajia. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, mtoto asije kugombania chakula na mama ambaye mwenyewe hashibi. Kitanzi au vijiti ndivyo ninavyovipendekeza, havitegemei tumbo kufyonza kitu.

Sigara sidhani kama unavuta, ila kwa wasomaji wengine: wiki sita kabla, na usiirudie. Pombe iache pia. Najua tuko Dodoma, zabibu zetu na mvinyo wetu, na kila sendoff ina chupa mezani. Baada ya upasuaji glasi moja itakupanda kichwani kwa kasi usiyoizoea, na wapo watu ambao hawakuwa walevi wakageuka walevi mwaka wa pili, baada ya faraja ya chakula kuondoka. Kaa mwaka mzima bila kuigusa.

Wiki mbili za mwisho utapewa mlo wa kupunguza ini. Ini la mtu mwenye uzito mkubwa hujaa mafuta, likavimba na kuufunika mfuko wa chakula. Mpasuaji asipoweza kulinyanyua anaweza kulazimika kusitisha kazi, au kupasua tumbo wazi. Mlo wenyewe ni mkali: hakuna ugali, wali, chapati, sukari wala matunda ya kujaza sahani, ni mayai, samaki, kuku asiye na ngozi, mtindi, mboga za majani na maji. Sikiliza vizuri hapa. Ukila hivyo huku unameza glibenclamide dozi ileile, sukari itakuangusha. Kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa: ndiyo hiyo. Siku unayoanza huo mlo uwe umeshaonana na daktari wako wa sukari, amekuandikia dozi mpya, na una kipimo chako cha kidole nyumbani.

Katika wiki hizo tisa anza pia mazoezi ya kula. Sahani ndogo, kijiko cha chai, dakika 20 hadi 30 kwa mlo, na usinywe kitu wakati wa kula wala nusu saa baada ya hapo. Mtu aliyezoea kushushia kila tonge kwa maji atapata shida sana na hili, bora uanze kupata shida sasa.

Siku yenyewe sina mengi. Ni saa moja hadi mbili, matundu madogo kama matano, unalala wodini siku mbili tatu. Watakusimamisha jioni ileile na utawachukia manesi. Tembea tu. Damu iliyoganda mguuni ikapanda kwenye mapafu ni kati ya vitu vinavyoua katika upasuaji huu, na dawa yake ya kwanza ni nyayo zako kugusa sakafu. Sindano ya kuzuia damu kuganda inasaidiana nazo. Maumivu ya bega ni ile gesi waliyokupulizia tumboni, huisha kwa kutembea.

Usirudi Dodoma mapema. Kaa Dar karibu na hospitali siku kumi hadi kumi na nne, mpaka kliniki ya kwanza ipite. Na tangu SGR ianze kufika kwetu mwaka 2024 sioni sababu ya kupanda basi: kwenye treni unasimama, unatembea kwenye korido kila baada ya nusu saa, na choo kipo. Ukiwa umebanwa kiti cha dirishani kwenye basi kwa saa nane, damu ya miguuni inatulia, na wewe hunywi maji kwa kuogopa kuomba dereva asimame.

Ukifika nyumbani, jikoni ndipo kazi inapoanza. Siku za mwanzo ni vimiminika tu, kwa vijiko na funda dogodogo. Mpaka wiki ya pili unakunywa maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi uliochujwa usio na sukari, uji mwepesi wa ulezi uliokorogwa na maziwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vya kusaga: maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, choroko, samaki aliyesagwa, yai laini. Wiki ya tano na ya sita unaingia kwenye vilaini, kisha polepole chakula cha kawaida. Ukijaribu kuruka hatua, tumbo litakurudisha lenyewe. Fuata ratiba ya daktari wako pale inapotofautiana na hii yangu, yeye ndiye anajua nyuzi alizoweka.

Lengo ni protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Hesabu uone ilivyo ngumu: yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kama 7. Hapo ndipo watu wa kwetu wanakosea na supu. Mgonjwa akitoka hospitali, Mtanzania anamchemshia kongoro. Supu ya mifupa ina joto, chumvi na upendo, protini yake ni haba, na ile ya kongoro inakuja na mafuta yake juu. Inywe kwa ajili ya maji na hamu, usiihesabu kama mlo. Dagaa waliosagwa unga laini na kukorogwa kwenye uji au maharage yaliyopondwa ni hazina, harufu utaizoea.

Ugali, basi. Hujaagana nao. Ila ugali, mkate laini na wali hugandamana na kukaa pale juu kama kizibo, kwa hiyo visiguse mdomo wako kabla ya miezi miwili hivi. Ukiufikia, geuza desturi: sisi tunakula ugali, mboga inausindikiza. Wewe utakula kuku au samaki kwanza, kisha mboga, na nafasi ikibaki, tonge la ukubwa wa punje mbili za karanga. Siku nyingi nafasi haitabaki. Mlenda nitausifu kidogo kwa sababu unapita vizuri kooni, lakini mlenda mtupu haukujengi, uwekee karanga zilizosagwa laini.

Kinachoniumiza kichwa kuliko ugali ni vile vinavyoteleza. Soda, juisi ya miwa, togwa, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, ubuyu wa sukari unaomung'unya ofisini. Havizuiwi na mfuko mdogo, vinapita kama maji kwenye bomba. Karibu kila mgonjwa wangu aliyerudisha kilo, nilipomhoji kwa upole, alikuwa anakula kidogo kweli na kunywa sana.

Maji yenyewe ni kibarua. Unahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na huwezi tena kugugumia. Kwa jua na upepo mkavu wa Dodoma, hasa kuanzia Septemba mpaka mvua zinapoanza, wanaorudishwa wodini kwa kukaukiwa ni wengi kuliko wanaorudishwa kwa jambo jingine. Chupa iwe mkononi saa zote, funda moja kila dakika chache, Mtumba kazini, kwenye kikao, kanisani. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kufunga, iwe Kwaresima au Ramadhani, mwaka wa kwanza usifunge. Zungumza na kiongozi wako wa dini, wengi wanaelewa.

Na hapo ndipo dawa zako zinapoingia. Sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijasogea. Wagonjwa wengi hutoka hospitali bila glibenclamide kabisa. Ile dawa ya kukojoza iliyomo kwenye kidonge chako cha presha, kwa mtu ambaye hawezi kunywa maji ya kutosha, ni ya kukuangusha bafuni. Usitoke Dar bila karatasi inayosema ipi umeacha, ipi umepunguza, ipi unaendelea nayo, na vidonge vipi vinaruhusiwa kusagwa. Maumivu ya magoti tumia paracetamol. Diclofenac, hata ile ya duka la dawa la mtaani inayouzwa kama karanga, achana nayo leo. Na kwa msomaji mwingine anayetumia ARV na hajamwambia mpasuaji: mwambie. Dolutegravir ikimezwa tumbo tupu pamoja na kalsiamu au madini ya chuma haifyonzwi vizuri, saa zake lazima zipangwe.

Maana vitamini utameza maisha yako yote. Vitamini mchanganyiko, kalsiamu na vitamini D, madini ya chuma, B12. Kalsiamu na chuma vitenganishwe saa mbili, vinagombana. Ziweke kwenye bajeti ya nyumba kama unavyoweka LUKU, na damu ipimwe miezi mitatu, sita, mwaka, kisha kila mwaka. Kwenye mkataba wa malipo uliza kwa maandishi kama bei uliyopewa inajumuisha kliniki hizo, na kama inajumuisha kurudishwa theatre ikibidi. Bima yako pia ikujibu kwa maandishi.

Sasa mfundishe yule mtu wako wa siri kuhesabu mapigo ya moyo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mshono ukivuja ndani, tumbo la mtu mnene mara nyingi haliwi gumu kama ubao tulivyosoma vyuoni, na homa inaweza kuchelewa. Mapigo ndiyo husema kwanza. Ukiwa umelala tulivu yakafika 120 na hayashuki, au ukapata maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu mapya ya bega la kushoto, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au maji hayakai tumboni kwa siku nzima, usisubiri kesho. Hospitali kubwa yenye CT scan, na karatasi yako mkononi, na Dar wapigiwe simu mkiwa njiani. Uvujaji mwingi hutokea wiki mbili za kwanza, lakini mwezi mzima uwe macho. Baadaye, maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula yanaweza kuwa mawe kwenye nyongo. Kupungua haraka huyatengeneza, na daktari wako anaweza kukupa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita.

Mwezi wa tatu mpaka wa sita nywele zitakatika. Zitajaa kwenye kitana na utaogopa. Ni mshtuko wa mwili kupungua ghafla, zinaota tena ukila protini na kumeza chuma chako. Lakini fikiria picha nzima: mwezi wa nne, umepungua kilo 20 na zaidi, shingo imetoka, nywele zinakatika, unakula vijiko vitatu unasukuma sahani, na hakuna anayejua sababu. Mtaani watasema umekanyaga miwaya. Mama mkwe ataona umemsusia chakula chake, na kwa mama wa Kigogo aliyekupikia kwa mkono wake hilo ni kubwa kuliko ugonjwa. Mume atawaza yake. Mimi nimekaa na wanandoa waliofikishana pabaya kwa jambo ambalo sentensi mbili zingelimaliza.

Kuhusu kilo, uwe na hesabu ya kweli. Una kama kilo 54 zaidi ya kiwango cha juu cha uzito wa kawaida kwa urefu wako. Wastani ni kupoteza asilimia 60 hadi 70 ya hizo ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, yaani kilo 32 hadi 38, ukatua kwenye 80 na kitu. Ukiwa unangoja 60 utajisononesha bure. Ngozi ya mikono na tumbo italegea. Miaka inayofuata chache zitarudi. Sukari yako ya miaka sita bila insulini ina nafasi nzuri ya kutulia, na kule Uswidi, walikoanza mwaka 1987 kufuatilia zaidi ya watu 4,000, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, ripoti ya mwaka 2007 ilionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Magoti yatakushukuru kabla ya kioo. Tembea alfajiri kabla jua halijakolea, dakika kumi, wiki inayofuata kumi na tano. Vitu vizito, ndoo ya maji ikiwemo, usinyanyue wiki nne hadi sita.

Pete lazima itoke. Mikono huvimba kwa maji ya dripu, pete ikabana damu ya kidole, na kifaa cha umeme wanachozuilia damu hakipendi chuma mwilini. Jaribu asubuhi na mapema kwa sabuni, mkono ukiwa juu. Ikigoma, mpelekee sonara mjini aikate, ni kazi ya dakika chache. Mume wako ataona kidole kitupu na atauliza siku hiyohiyo. Mjibu ukweli hapohapo. Na usimruhusu sonara aiunge kwa kuipanua. Iweke kwenye kabati mpaka mwaka upite, kidole kitakuwa kimepungua namba mbili au tatu.